Nilikaa Barazani kwa Wakwe Huku Mwamba Wao Ukiibwa

Ndugu wasomaji, mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitano. Nimezaliwa Tingi, wilaya ya Kilwa, na shule niliishia kidato cha pili. Hivi ninavyoandika niko Mtama, naziba pancha za baiskeli na bodaboda. Watu wa hapa wananiona kijana mpole asiye na maneno, hawajui nilikotoka. Nyinyi nitawaeleza, maana nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu…

Naomba msinihukumu kabla hamjafika mwisho. Mkifika mwisho, nihukumuni tu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ndogo ya wageni pale Kilwa Masoko. Kubeba mabegi, kuchoma samaki, kufagia uwanja. Nilikuwa mtu wa kucheka. Hata nikitumwa gengeni mara tatu kwa kitu kimoja nilikwenda naimba. Wageni waliokuja kuona magofu walikuwa wakirudi jioni wananiuliza, je, hakuna mahali pengine, pa kimya, pasipojulikana na watu wengi?

Palikuwepo. Na mimi nilikuwa napajua.

Jina la kisiwa hicho sitaliandika. Niliambiwa nisilitaje tena kwa mdomo wangu, na hilo angalau nalitii. Ni kisiwa kidogo, unakizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Nyumba zake hazifiki arobaini. Hakuna hoteli, hakuna gari. Ukiamka asubuhi mchangani unakuta nyayo za kaa na za ndege, basi. Maji yake, ukisimama yakakufika kiunoni, unaona kucha zako za miguu moja moja.

Nilikuwa na daftari nimeandika mipango yangu yote. Wageni watalala wapi, watakula nini, nani atawapikia. Ndoto yangu ilikuwa niwe na kampuni ya kupeleka watu pale, wachache wachache, watu wenye adabu. Usiku kabla ya kulala nililisoma lile daftari kama mtu anayesoma barua ya mpenzi.

Na mpenzi pia nilikuwa naye, wa kisiwa hicho hicho! Alikuwa anaitwa Salima. Nilimwona kwa mara ya kwanza gatini Masoko, amebeba kapu la pweza wakavu. Nilimpokea kapu, akaniambia, "Ukiliangusha utamuoa pweza." Nilicheka siku nzima.

Baba yangu mdogo alipeleka barua ya posa na ikakubaliwa. Baba yake Salima alishafariki. Mama yake, Bi Somoe, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha kina mama wavuvi wa pweza. Mwanamke mwembamba, sauti ya chini, lakini akisema jambo kisiwa kizima kinanyamaza.

Hapa lazima niwaeleze kidogo, ndipo mtaelewa ubaya nilioufanya.

Kina mama wale walikuwa wamekubaliana kuufunga mwamba wao wa upande wa kusini. Mwamba ukifungwa, kwa miezi mitatu hakuna anayeukanyaga, awe mwanamke au mwanamume, ili pweza wakue na majike yalalie mayai kwa amani. Waliweka maboya kuonyesha mpaka, wakawa wanapeana zamu ya kukaa ufukweni kulinda. Siku ya kufungua, maji ya bamvua, yale yanayorudi mbali kuliko siku zote, yakitoka na mwamba ukibaki wazi, wote wangesimama mstari mmoja na fimbo zao, hakuna kutangulia mpaka filimbi ipigwe.

Ilikuwa mara yao ya kwanza kabisa. Wanaume wengine walikuwa wakiwacheka, eti mnafuga pweza kama kuku. Bi Somoe alikuwa akiwajibu, "Ngojeni siku ya filimbi." Harusi yetu ilipangwa wiki moja baada ya siku hiyo, kwa sababu kitanda na vyombo vya Salima vingetoka kwenye mwamba ule.

Na kulikuwa na sharti moja. Kwa miezi hiyo mitatu, mgeni wa kutembea hashuki kisiwani. Anayeshuka ni ndugu wa mtu tu.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya kufungua mwamba alipokuja Kassimu.

Kassimu tulikaa naye dawati moja Tingi. Alikuwa amepotelea Dar es Salaam miaka minne, sasa amerudi na simu kubwa na viatu vyeupe. Alilikuta daftari langu jikoni kwenye nyumba ya wageni, akalisoma lote amesimama. Sikuwahi kuona mtu mwingine analisoma daftari lile bila kucheka. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Athu, mwana," akaniambia, "wewe unakaa na mali halafu unaiita mandhari."

Akasema ana watu watatu kutoka Dar, wanatafuta kisiwa cha kimya, wakipapenda watapiga picha na kuzisambaza, na mwakani mimi ndiye nitakuwa nabebewa mabegi. Nikamweleza lile sharti. Nikamwambia tusubiri mwamba ufunguliwe.

Akacheka. "Si unaoa pale wewe? Sema ni ndugu zako, wamekuja kujitambulisha kwa wakwe. Nani atawaomba vyeti vya kuzaliwa?"

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilisema sawa.

Nilijua fika ndugu wa bwana harusi wakienda kujitambulisha kisiwa kile kinakuwaje. Wanawake wa ukoo mzima wanaacha walichoshika wanakuja kupika. Mabegi ya wakwe hayakaguliwi. Wakwe wakitaka kutembea hawaulizwi wanakwenda wapi. Kassimu naye alikuwa anayajua hayo yote, kwa sababu nilishamsimulia mwenyewe, tena kwa majivuno.

Nikamtumia Salima ujumbe kwamba Jumamosi nakuja na ndugu zangu. Akaniuliza kama wanakula pilipili.

Jumamosi asubuhi tukaondoka na boti ya mashine. Wale watatu walikuwa watu wa makamo, wakimya. Nilijitahidi kuwachangamsha, nikawaonyesha ndege, nikawaonyesha miti ya mikandaa, wakawa wanaitikia "ee" tu. Hakuna hata mmoja aliyetoa simu kupiga picha. Hilo nililiona. Nikajisemea labda wamechoka.

Halafu nikaona maboksi ya barafu. Makubwa, manne. Nikauliza ya nini. Kassimu akasema ni ya soda na maji ya wageni. Chini ya benchi kulikuwa na gunia, na boti ikipiga wimbi linalia chuma kwa chuma. Nikauliza tena. "Vyuma vya hema," akasema. "Usizingue, Athu."

Mzee mmoja kati yao, yule niliyepanga kumwita baba mdogo, alikuwa ameshika ubavu wa boti. Nikatazama mikono yake. Vidole vilikuwa na makovu mafupi mafupi, meupe, kama ya mtu aliyekatwakatwa na mwamba kwa miaka mingi. Makovu kama hayo nilikuwa nimeyaona kwa mtu mmoja tu. Mikononi mwa Bi Somoe.

 Nilijua… Naapa nilijua tangu pale. Lakini kisiwa kilikuwa kimeshaonekana, na Salima alikuwa amesimama ufukweni amevaa khanga mpya.

Tulipokelewa kama wafalme. Wanaume wa kisiwa walikuwa baharini upande wa pili, lakini kina mama walikuja wote. Mpaka wale wawili waliokuwa zamu ya kulinda pwani ya kusini niliwaona wanakuja mbio, wamejifunga khanga viunoni, tayari kukuna nazi. Zamu wameiacha kwa heshima ya ndugu zangu!

"Wamatumbi hao wamefika," mmoja wa wale wa zamu akaanza utani. "Mmefuata mtoto au mmefuata pilau?"

Wote wakacheka, wakangoja jibu. Ndugu wa kweli wa bwana harusi angejibu hapo hapo, angesema tumefuata vyote na sufuria tunaondoka nayo. Wale watu wakatazama chini. Nikajibu mimi kwa niaba yao. Mama yule akaguna. "Ukoo wenu una mdomo mmoja tu, eh?"

Bi Somoe akamwamkia yule mzee vizuri, akaniuliza huyu ni nani wangu. Nikasema baba mdogo wa upande wa Rutamba. Kwa adabu za ukwe sikutakiwa kumkazia macho, basi nikayaficha macho yangu ndani ya adabu hiyo. Akasema, "Karibuni. Mtoto wetu ni wenu."

Hayo maneno nayasikia mpaka leo.

Tukakaa barazani. Harufu ya vitunguu ikaanza kutoka uani. Maji yalikuwa yanatoka kwa kasi, maana ilikuwa bamvua, na ikikaribia saa nne mwamba ungekuwa wazi. Kassimu akasimama, akajinyoosha, akasema wazee wamekaa sana kwenye boti, wanataka kunyoosha miguu. Wakaondoka wanne. Nikageuka kutazama lile gunia tulilolishusha pamoja na mabegi. Halikuwepo.

Salima akatokea mlangoni, unga mikononi. Akaniambia kwa upole, "Ndugu zako naona wameelekea kusini. Kawaambie wasivuke maboya. Wao si wa huku, hawajui."

Nikaenda. Nilipoizunguka mikandaa nikawaona. Wamekunja suruali, wameinama, kila mmoja na chuma chembamba kilichopindwa ncha. Wanatia shimoni, wanavuta, wanapiga, wanatupa kwenye boksi. Hawakuongea hata neno. Boti nayo ilikuwa imeshasogezwa ukingoni mwa mwamba. Watu wa kazi.

Nikamkimbilia Kassimu. Nikamwambia acheni, hawa ni wakwe zangu, acheni jamani. Hakukasirika. Alinishika bega kama zamani tulipokuwa watoto.

"Saa moja tu, Athu. Kisha tunaondoka na hakuna anayejua. Au nenda kapige kelele. Lakini utaanza kusema nini? Kwamba baba mdogo ulimwokota Masoko? Posa imekwisha hapo hapo. Rudi, kaa nao, wachekeshe. Wewe ni hodari wa kuchekesha."

Msomaji wangu, hapa ndipo mkasa wangu ulipo. Najua wengi mtasema niliibiwa na rafiki. Siyo. Kutoka pale mpaka barazani ni hatua kama mia mbili. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na sauti. Kina mama zaidi ya kumi na tano walikuwa uani. Wangefika pale kabla boksi la pili halijajaa.

Nilirudi, nikakaa.

Salima akauliza, umewaambia? Nikasema nimewaambia.

Nikaanza kuchekesha watu. Nikasimulia habari za mgeni mmoja aliyemkimbia kaa mpaka akapanda juu ya meza. Nikaiga sauti, nikaiga mbio. Nikasikia vicheko kutoka uani, wengine wakaja mpaka mlangoni kunitazama. Kila mmoja aliyetaka kuchungulia upande wa ufukweni nikamwita kwa swali. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nikatazama kivuli cha nguzo ya baraza, kinasogea, kinasogea… Nikawa naomba Mungu wamalize. Hebu fikiria! Naomba Mungu wezi wamalize haraka.

Halafu Bi Somoe akatoka ndani na jagi la maji na vikombe kwenye sinia.

"Wakwe zangu wamekaa juani muda mrefu," akasema. "Nawapelekea maji."

Nikaruka. Nikamwambia, "Kaa, mama, nitapeleka mimi."

"Mkwe hapeleki maji, baba. Mkwe anapelekewa."

Nikashika sinia. Kwa mara ya kwanza nilimtazama mama mkwe wangu usoni, naye akanitazama. Sijui aliona nini. Aliuondoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja, akashika njia ya kusini. Nikamfuata nyuma.

Tulipofika, boti ilikuwa inaishia nyuma ya ncha ya kisiwa. Kassimu alikuwa amesimama upande wa nyuma wa boti, hakugeuka. Mwamba ulikuwa wazi mbele yetu. Mawe yamebinuliwa. Mashimo yamevunjwa kwa chuma. Vidimbwi vya maji vilikuwa vyeusi kwa wino wa pweza, na wale wadogo wasiofaa wametupwa juu ya majani ya bahari, wengine bado wanajikunja. Kwenye jiwe moja lililopinduliwa niliona mayai, meupe, yananing'inia kama shanga.

Bi Somoe alisimama na sinia lake. Hakupiga kelele. Alilitua chini mchangani vizuri, hata maji hayakumwagika, akaliweka lile jiwe lilivyokuwa kwa mikono yake miwili. Kisha akaniambia, "Baba yako mdogo kazi anaijua."

Adhuhuri wanaume walirudi, kikao kikakaa nje ya msikiti. Boti ya kunirudisha haikuwepo. Wengine walitaka nifungwe kamba. Yule mama wa utani alikuwa analia kwa sauti, anasema ni yeye aliyeacha zamu, ni yeye. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza. Nikasema sikujua. Nikasema nami nimedanganywa na rafiki yangu.

Hapo akasimama Salima. Msichana mbele ya wazee, kisiwani kule, si jambo dogo. Akasema, "Athumani ameibiwa kama sisi. Mimi namjua. Kama ni kulipa, tutalipa pamoja, mimi na yeye."

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walianza kulegea. Nikaona mwenyekiti anatikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa nimepona, wasomaji. Nilibakiza kunyamaza tu.

Bi Somoe akasema ana swali moja.

"Ulipokwenda kuwaambia wasivuke maboya, uliwakuta wanafanya nini?"

 Nikamtazama Salima. Alikuwa ananitazama kwa uhakika kabisa, ananingojea nijibu, jambo liishe, twende nyumbani. Uso ule ndio ulionishinda. Ningeweza kuwadanganya wote waliobaki, ila kuwa mumewe huku anauamini uwongo ule… sikuweza.

Nikasema, "Niliwakuta wanavua."

Kisha nikasema yote. Sharti nililolijua, ndugu wa uwongo, gunia, makovu, vichekesho vya barazani. Nilipomaliza Salima alikuwa ameshakaa chini.

Walinirudisha Masoko jioni ile na boti ya mwenyekiti. Kabla sijapanda Salima alinifuata mpaka majini. Hakunitukana. Aliniambia, "Ungeniambia pale mlangoni, nilipokuuliza. Ningepiga kelele mimi mwenyewe. Leo ungekuwa mchumba wangu mwongo, lakini mchumba wangu." Akageuka akaenda zake.

Barua ya posa ilirudishwa kwa baba yangu mdogo wa kweli na mtu aliyekataa hata kukaa. Baba mdogo hajasema nami mpaka leo. Kituo cha polisi nilitoa jina la Kassimu na kila ninachokijua, lakini hakuonekana tena, simu yake haipatikani.

Siku ya filimbi ilifika. Nilisikia kwa watu kwamba kina mama walisimama mstari kama walivyopanga, filimbi ikapigwa, wakaingia mwambani, na wengi wakatoka na kapu tupu. Wale wanaume waliokuwa wakicheka wakapata la kusema. Bi Somoe alijiuzulu uongozi siku hiyo hiyo. Alisema wageni waliingia kwa mlango wa nyumba yake.

Nilimwandikia Salima barua tatu. Hakuna iliyojibiwa, na sasa nimeacha. Nimesikia anaolewa mwaka huu na mvuvi wa kisiwani. Namwombea heri, kwa moyo wangu wote, ingawa kuandika sentensi hii kumenichukua siku mbili.

Vijana wenzangu wenye ndoto, nawasihi. Ndoto yangu haikuwa mbaya. Nilikipenda kisiwa kile kwa kweli, na nilitaka watu wakione nilivyokiona. Ubaya ulikuwa kutaka kuwahi kabla ya wenyewe kunifungulia. Mahali pa kimya pana wenyewe. Wakikuambia ngoja, ngoja! Usimwite mtu ndugu yako kwa sababu ya kupitia mlango ambao umefungwa.

Na kama umeshakosea, kama hivi sasa umekaa mahali unacheka na watu huku moyoni unajua kinachowafika nyuma ya nyumba… usingoje kimalizike. Nimejaribu kungoja, nimeona. Aibu ya kusimama na kusema ingenichukua dakika moja, labda na makofi mawili matatu. Hii ya kukaa kimya nimehama nayo wilaya mbili, na bado naamka nayo.

Inuka useme. Sasa hivi, kabla mama wa watu hajachukua sinia la maji.